Tulipimwa Nini?

Ndugu msomaji, naanza kwa kuungama. Nilipokuwa kidato cha pili nilikuwa kiranja wa lugha. Kama hukusoma kwenye shule zetu hizi za kata, pengine hujui cheo hicho ni cha namna gani. Kiranja wa lugha hutembea na daftari. Akimsikia mwenzake anasema Kiswahili darasani, uwanjani au kwenye foleni ya uji, anaandika jina. Ijumaa mchana daftari linapelekwa kwa mwalimu wa zamu, na wenye majina wanakata majani, wanafagia vyoo, au wanapokea fimbo zao. Kwenye ukuta wa ofisi kulikuwa na kibao cha herufi nyekundu kilichosema kwamba asiyesema Kiingereza hahudumiwi. Hata mtoto aliyekuwa anatetemeka kwa homa alisimama kwanza nje ya mlango, akitunga sentensi.

Katika daftari langu jina moja lilijirudia kuliko yote. Lilikuwa la jirani yangu wa dawati. Jina hilo silitaji hapa. Nimekwisha kuliandika mara nyingi mno.

Huyu mshikaji alikuja mjini kutoka kijiji cha kando ya Ziwa Victoria. Nyumbani kwao walisema Kisukuma, Kiswahili alikipata shuleni na sokoni, na Kiingereza kwake kilikuwa kitu cha kuandikwa ubaoni. Siku moja mwalimu wa fizikia alimsimamisha ataje kanuni ya Archimedes. Alisimama. Akafungua mdomo, akaufunga. Darasa likacheka. Mimi nikanyosha mkono, nikaitiririsha sentensi yote ya Kiingereza bila kuchapia hata neno moja, nikapigiwa makofi. Nilikuwa nimeikremu usiku uliopita. Ungeniuliza ina maana gani, ningeirudia tena kwa sauti kubwa zaidi.

Jioni ile tulikuwa zamu ya kuteka maji. Akaniita kwenye ndoo iliyojaa pomoni, akachukua kopo tupu, akaniambia nilizamishe taratibu mdomo ukiwa juu. "Unasikia linavyokusukuma mkono?" Nikasikia. "Sasa tazama maji yaliyomwagika. Kopo lenyewe halina uzito wa maana, kwa hiyo ukiyapima maji hayo, uzito wake ndio huo unaokusukuma mkono. Ndiyo maana mtumbwi ukipakiwa dagaa unazidi kudidimia. Unatafuta maji ya kutosha ya kuubeba." Alisema hayo yote kwa Kiswahili, chenye lafudhi ya kwao. Kwa mara ya kwanza nikaielewa sentensi niliyopigiwa makofi. Na kwa kuwa nilikuwa kiranja mwaminifu, jina lake nililiandika.

Matokeo ya kidato cha nne yalipobandikwa, mimi nilikuwa na C ya fizikia. Yeye alikuwa na F, na kwa jumla daraja sifuri. Ziro. Wakubwa wa mtaani walitikisa vichwa wakasema kijana hana akili za shule. Tangu siku hiyo swali hili limenikaa kooni kama mwiba wa samaki: pale tulipimwa nini? Kama ilipimwa fizikia, mbona aliyenifundisha fizikia alifeli nami nikafaulu? Na kama kilipimwa Kiingereza, kwa nini kwenye cheti pameandikwa Fizikia?

Usidhani nalalamikia mitihani. Mtu anayejifunza lazima apimwe, vinginevyo atajuaje amefika wapi? Ninachouliza ni swali la haki, na swali la haki huanzia kwenye kusudi la kipimo. Fundi cherehani anapokuzungushia futi kiunoni, anakupima ili akate kitambaa kikufae. Ukiwa mnene au mwembamba hakutukani, hiyo ni kazi yake kujua. Lakini kuna kipimo kingine, kile cha vijana wanaopanga mstari kutafuta ajira ya ulinzi. Pale ukutani pana alama. Ukifika kwenye alama unaingia, usipofika unarudi kwenu. Anayekupima hana shida ya kujua umepungukiwa kiasi gani wala kwa nini. Vipimo vyote viwili vinatumia futi ileile na inchi zilezile. Kinachotofautiana ni yule anayeishika, na anachokusudia kukifanya baada ya kusoma namba.

Sasa tukiangalie Kiingereza katika shule zetu za serikali. Tuanze mbali kidogo, maana mambo haya hayakuanza na kizazi chetu. Mwaka 1967, wakati wa Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za Tanzania. Sekondari ikabaki kwa Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kipande ngazi, kiingie sekondari kuanzia kidato cha kwanza mwaka 1985. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, waliletwa kupima Kiingereza cha wanafunzi wetu. Walikuta kwamba miongoni mwa wanafunzi wa kidato cha nne ni kama asilimia 10 tu waliofikia kiwango ambacho elimu ya kutumia Kiingereza ingeweza kuanzia. Soma tena hapo, msomaji: kuanzia, na wenyewe walikuwa wanamaliza!

Ungetegemea nini baada ya kipimo kama hicho? Fundi akikuta suruali inabana, anaifumua. Lakini ripoti yenyewe ilishauri Kiingereza kiendelee, na msaada wa Uingereza ukaja, vikaletwa vitabu vya hadithi vya kusoma na walimu wakapewa mafunzo. Vitabu si kitu kibaya, mimi mwenyewe ni mlevi wa vitabu. Hata hivyo, kipimo kilisema mtoto hasikii anachofundishwa, na jibu likawa aendelee kufundishwa vilevile huku akiongezewa hadithi.

Sera ya mwaka 1995 ikathibitisha mpangilio huo: msingi Kiswahili, sekondari Kiingereza. Mwaka 1997 Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro walitoa kitabu kizima kuhusu mgogoro huu wa lugha, wakionyesha kwamba kusoma kwa Kiingereza na kupata elimu ni mambo mawili tofauti. Sera ya mwaka 2014 ilifungua mlango kwa kusema Kiswahili kitumike katika ngazi zote, na Kiingereza nacho kitumike. Mlango ulifunguliwa, lakini sekondari haikupita. Hadi leo mtoto wa shule ya serikali anamaliza darasa la saba kwa Kiswahili, anapumzika miezi michache, anaingia kidato cha kwanza, anapewa wiki kadhaa za kuzoeshwa, kisha baiolojia, jiografia, historia na hesabu zote zinamjia kwa ung'eng'e.

Na anaingia na Kiingereza gani? Uwezo, taasisi inayowapima watoto majumbani kwa hadithi fupi za kiwango cha darasa la pili, ilipofanya kazi hiyo mwaka 2010 ilikuta kwamba kama nusu ya waliomaliza shule ya msingi hawawezi kusoma hadithi ya Kiingereza ya kiwango hicho. Mwaka 2012 mtihani wa darasa la saba ulifanywa wa kusiliba: ulichagua herufi, ukapaka kiduara kwa penseli. Mtoto aliweza kusiliba vizuri maswali ya Kiingereza bila kuwahi kuandika sentensi moja ya kwake. Mtihani wenyewe wa Kiingereza nilioufanya kidato cha nne ulikuwa wa kuandika tu. Mimi niliyefaulu sikuwahi, katika miaka yote minne, kuketi mbele ya mtu anisikilize nazungumza na aniambie: hapa uko vizuri, hapa bado. Walionisikiliza walikuwa viranja, nao walisikiliza ili waandike majina.

Mwezi Februari 2013 yalipotoka matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata sifuri. Nchi nzima iliguna, tume ikaundwa, matokeo yakapangwa upya. Sisemi lugha peke yake ndiyo iliyowaangusha kaka na dada zetu wale. Palikuwa na upungufu wa walimu, wa maabara, wa vitabu, na njaa ya mchana nayo ilikuwepo. Lakini naomba uniambie: katika kila sifuri ile, nani angeweza kutenganisha asiyejua somo na asiyejua swali limeuliza nini?

Hebu sasa tuvuke bahari, maana wenzetu waliwahi kulipeleka swali hili mahakamani. Katika jiji la San Francisco, Marekani, kulikuwa na watoto wa asili ya Kichina kama 1,800 katika shule za umma ambao hawakujua Kiingereza na hawakupewa msaada wowote wa lugha. Wazazi wakashtaki. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya nchi hiyo, na Januari 1974 hukumu ikatoka, inajulikana kwa jina la Lau dhidi ya Nichols. Mahakama iliitegemea Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, na kiini cha hoja yake, nikikieleza kwa maneno yangu, ni hiki: kumpa mtoto dawati, kitabu na mwalimu sawa na wenzake si usawa, ikiwa haelewi lugha inayosemwa mle ndani.

Kutokana na hukumu hiyo na sheria zilizofuata, shule za umma za Marekani zina wajibu wa kumtambua mtoto ambaye lugha ya kwao si Kiingereza. Mzazi anaulizwa nyumbani mnasema lugha gani. Mtoto anapimwa kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika, na anapimwa tena kila mwaka mpaka afikie kiwango. Wakati huo wote shule inatakiwa impe msaada. Leo katika madarasa hayo wamo hata watoto wasemao Kiswahili, wa familia za wakimbizi kutoka Kongo. Mtoto wa Bukavu akifika kule, mtu wa kwanza kumpima Kiingereza anatakiwa ampime kama fundi.

Nimesema "anatakiwa", maana sitaki kukuuzia mbuzi kwenye gunia. Kule nako futi hugeuka ukuta. Wapo watoto wanaokaa miaka sita na zaidi katika kundi la wanaojifunza Kiingereza, mpaka California wakawatungia jina lao la kisheria. Kwa wengine kundi hilo huwa kama chapa ya ng'ombe, na wanajikuta wanapangiwa masomo mepesi huku wenzao wanasonga mbele. Aidha, mitihani ya masomo mengine mingi bado ni ya Kiingereza, kwa hiyo hesabu za mtoto bado zinapitia katika tundu la lugha. Hakuna nchi iliyolimaliza swali hili. Tofauti ninayoiona ni moja tu: wao wanakiri hadharani kwamba mtoto asiyejua Kiingereza bado hajajua Kiingereza, basi. Sisi tunasema hana akili za shule.

Nawajua wasomaji wa kurasa hizi, mna maneno. Hoja ya kwanza nitakayorushiwa ni hii: wewe unayetetea Kiswahili unataka mtoto wa maskini abaki kijijini, wakati mtoto wa tajiri yuko kwenye shule ya kulipia anatema Kiingereza kama maji. Hoja hii ni nzito na siipuuzi. Mama yangu mwenyewe, ambaye hakuvuka darasa la saba, angeniuzia kanga zake nikajue Kiingereza. Hakosei. Kiingereza ni nauli, na dunia inapanda basi hilo. Lakini kumfundisha mtu lugha ni jambo moja, na kumfundisha kila kitu kwa lugha ambayo bado hajaijua ni jambo lingine. Ukitaka mtu ajue kuogelea unampa mwalimu na maji ya kiuno. Ukimtupa kilindini na mzigo wa baiolojia mgongoni, akizama huwezi kusema umempima kuogelea. Mtoto wa tajiri hakupata Kiingereza kwa kutandikwa fimbo za Ijumaa. Alikipata kwa walimu wanaokijua, vitabu vya kwake, na miaka tangu chekechea.

Hoja ya pili: hata ukibadilisha lugha ya mtihani, bado unapima lugha. Hii ndiyo iliyoninyima usingizi, kwa sababu rafiki yangu hakuzaliwa na Kiswahili. Kule kwao wapo watoto ambao darasa la kwanza lililowapokea kwa Kiswahili lilikuwa geni kama kidato cha kwanza kilivyokuwa geni kwangu. Kwa hiyo nisijifanye malaika. Hakuna swali lisilo na lugha, na ujuzi hauwezi kutolewa kichwani na kuwekwa mezani ukiwa uchi, lazima uvae maneno. Nakubali. Ila kutokana na hilo sioni kwamba vipimo vyote ni sawa. Naona kwamba kila anayepima ana wajibu wa kujiuliza kipimo chake kimeshika nini na kimeacha nini, na asiandike kwenye cheti zaidi ya alichokishika. Muuza mchele akisahau kutoa uzito wa debe, mteja atamwita mwizi hata kama hakukusudia kuiba. Na sisi tumepima mchele pamoja na debe kwa zaidi ya miaka 50.

Hoja ya tatu ni ya wenye haraka: nafasi za kidato cha tano ni chache, lazima mtihani uchuje. Sawa, uchuje. Basi tuwaambie watoto tangu siku ya kwanza kwamba tunawachuja kwa Kiingereza, na tuwape Kiingereza hicho kwanza. Mchujo unaomwadhibu mtu kwa kukosa kitu ambacho hakupewa una jina lake, na jina hilo si mtihani.

Msomi mmoja wa Kanada, Jim Cummins, tangu mwaka 1979 amekuwa akitenganisha Kiingereza cha kupiga soga na Kiingereza cha darasani. Mtoto mgeni, katika nchi ambayo lugha hiyo imemzunguka pande zote, huweza kuzungumza na wenzake baada ya kama miaka miwili, lakini lugha ya kusomea na kufikiria masomo humchukua miaka mitano hadi saba. Miaka mitano hadi saba, tena akiishi ndani yake! Sisi tunampa wiki chache mtoto ambaye akitoka getini Kiingereza kinaishia pale kwenye kibao. Kisha tunamtuma kiranja na daftari akamwandike.

Ningekuwa na mamlaka, ambayo sina, ningetaka mambo matatu tu. Mtoto anapoingia kidato cha kwanza apimwe Kiingereza chake kwa njia zote nne, kusikia, kusema, kusoma na kuandika, na jibu la kipimo hicho lisiwe alama ya kumpanga mstari bali maelezo ya kumpa mwalimu wake. Pili, mtihani wa fizikia uulize kwa namna ambayo mtoto anaweza kuonyesha fizikia, hata kwa kuandikiwa swali kwa lugha zote mbili na kuruhusiwa kujibu kwa aipendayo. Tatu, madaftari yale ya viranja yakachomwe moto. Aibu haijawahi kumfundisha mtu lugha. Inamfundisha kunyamaza tu, na aliyenyamaza huwezi kumpima chochote.

Nirudi kwa rafiki yangu. Yuko kando ya ziwa, anatengeneza injini za mitumbwi. Mwaka jana alinipigia simu. Alikuwa amepata kitabu cha injini mpya, chote Kiingereza, akaniomba nimsomee ukurasa mmoja. Akaupiga picha akanitumia. Nikausoma, na maneno yote niliyajua, au karibu yote. Nikaanza kumtafsiria kwa mbwembwe za mtu mwenye C yake, lakini kila sentensi niliyoitoa ilikuwa chungu kitupu, sikuwa najua nazungumzia nini. Yeye kule upande wa pili alikuwa anadaka neno moja, mawili, halafu ananikatiza: "Aha, basi nimeelewa, hapo wanasema usikaze kabla haijapoa." Alikuwa sahihi. Nilitazama tena, ndivyo ilivyoandikwa.

Baada ya kukata simu nilikaa kimya muda mrefu. Kati yetu wawili, ni nani aliyejua kukisoma Kiingereza kile? Mimi niliyekuwa na maneno, au yeye aliyekuwa na maana? Sijapata jibu la kunitosheleza, na pengine ndiyo sababu nimeamua kuandika riwaya, ambako mtu huruhusiwa kukaa na swali kwa kurasa 200. Ila jambo moja nalijua. Sikumwomba radhi siku ile. Nilimuuliza habari za samaki.

Namwomba sasa, kwa Kiswahili, lugha niliyomwandikia jina kwa sababu ya kuisema. Na wewe msomaji, kama uliwahi kushika daftari lile, au jina lako liliwahi kuingia humo, kalamu unayo. Andika.